Kijani Kisicho Malisho: Uhakiki wa Lugha ya Viashiria vya Bayoanuwai Kaskazini-Mashariki mwa Kenya

Kila mwezi hutolewa taarifa ya ukame ya Kaunti ya Wajir. Mtoaji wake ni Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, chombo kilichoundwa mwaka 2011 na kutungiwa sheria yake yenyewe mwaka 2016. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake mna kiasi cha maziwa yanayokamwa, mwendo wa mifugo kutoka malishoni hadi majini, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, mzingo wa mkono wa mtoto mdogo, na pamoja na hayo kipimo cha hali ya uoto kinachopatikana kwa setilaiti. Kipimo hiki kikifika 50 au zaidi, nchi huhesabiwa kuwa ina majani kuliko kawaida. Kikiwa kati ya 35 na 50, hali ni ya kawaida. Kikishuka chini ya 35 ukame umeingia, chini ya 20 umekuwa mkali, na chini ya 10 umepita kiasi.

Maandishi ya namna hii hayana desturi ya kuhakikiwa katika majarida ya lugha. Aghalabu huachiwa wataalamu wa mazingira na wachumi, kana kwamba tarakimu hazina lugha. Hata hivyo matini hizi zina msamiati wake na mtindo wake wa kusadikisha. Zina mambo zinayoyataja na mengine zinayoyanyamazia. Isitoshe, kwa mkazi wa Wajir au Garissa zina uzito ambao utenzi hauna, kwani msaada wa chakula na fidia ya mifugo hutegemea jinsi zilivyosomwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuuliza: viashiria hivi vinasema nini juu ya kupungua kwa viumbe katika nchi ile, vinasema kwa lugha ya nani, na ni jambo gani ambalo lugha hiyo haina uwezo wa kulitamka?

Yafaa kuanza na istilahi zenyewe. Neno bayoanuwai ni mseto: nusu yake ya kwanza ni Kiyunani kilichopitia Ulaya, na nusu ya pili ni Kiarabu kilichokwisha kuwa Kiswahili siku nyingi. Anuwai ni namna mbalimbali. Pengine waliounda istilahi hii walitafuta tafsiri tu ya neno la kigeni, lakini walilolipata ni bora kuliko walivyodhani, maana neno lenyewe ladai aina wala halidai wingi. Mtu mwenye mbuzi elfu moja ana mali nyingi, lakini hana anuwai. Kiashiria, kwa upande wake, kimetokana na ishara. Kazi yake ni kuonyesha kitu ambacho chenyewe hakipo mkononi. Kiswahili kina maneno matatu yaliyo jirani hapa na yasiyolingana: kipimo, dalili na ishara. Kipimo hutosheka na nafsi yake. Pishi ya mchele ni pishi. Dalili hutangulia au hufuata jambo kwa mazoea, kama mawingu yalivyo dalili ya mvua (ingawa mtu wa Wajir amekwisha kuona mawingu mengi yaliyopita bila kuaga). Ishara haina maana mpaka apatikane wa kuifasiri. Taarifa zinazozungumzwa hapa hukusanya ishara na kuziandika kana kwamba ni vipimo, na katika mteremko huo mdogo wa maneno ndimo ilimo hitilafu kubwa.

Hapana budi kutenda haki kwanza. Bila ya hesabu, hasara iliyoipata Kaskazini-Mashariki ingalibaki hadithi ya wazee. Mnamo katikati ya miaka ya 1970 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Canada, ilianzisha kitengo cha kuchunguza nchi za malisho kilichojulikana kwa jina la KREMU. Leo kazi yake inaendelezwa na Idara ya Upimaji wa Rasilimali na Uhisimbali. Utaratibu wake ni sahili. Ndege ndogo huruka juu kiasi cha mita 120 ikifuata mistari iliyonyooka, ambayo kwa kawaida huachana kilomita 5. Nyuma ya rubani hukaa watazamaji wawili, mmoja kila upande, na kila mmoja huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fito mbili zilizofungwa nje ya ndege. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha. Idadi inayopatikana huzidishwa ili kukisia jumla ya nchi nzima. Kwa kuunganisha hesabu hizo za miaka mingi, Joseph Ogutu na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba wanyamapori wa nchi za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Katika muda uo huo kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76, ngamia kwa asilimia 13, na ng'ombe walipungua kwa asilimia 25.

Masimulizi ya mdomo yasingeweza kutoa hukumu kama hiyo. Kumbukumbu ya binadamu ina udhaifu wake: kila kizazi hudhani kwamba nchi ilivyokuwa utotoni mwake ndivyo ilivyokuwa tangu asili. Kijana aliyezaliwa Garissa mwaka 1995 hawezi kuona pengo la mnyama ambaye hakuwahi kumwona. Basi wale wanaotaka kuitupa takwimu na kuurudia usimulizi peke yake wanajidanganya, nao ni wengi katika vyuo kuliko inavyopasa.

Lakini fito mbili za ndege nazo ni sarufi. Zinaamua ni kiumbe gani atakuwa sentensi na yupi atakuwa ukimya. Twiga huonekana vema kutoka juu. Dikidiki aliyejificha chini ya kichaka haonekani, na nyasi hazihesabiki kabisa. Hatua ya pili ya ufupisho ni wastani. Fahirisi ya Sayari Hai, inayotolewa na shirika la WWF pamoja na Jumuiya ya Zuolojia ya London, ilitangaza mwaka 2024 upungufu wa asilimia 73 kati ya 1970 na 2020, kutokana na makundi karibu 35,000 ya wanyama wenye uti wa mgongo. Magazeti mengi yaliisoma habari hii kama kwamba katika kila wanyama mia, sabini na watatu wamekufa. Fahirisi haikusema hivyo. Ilisema kwamba wastani wa mabadiliko ya makundi yaliyochunguzwa ni kiasi hicho, ambapo kundi dogo la wanyama hamsini laweza kuwa na sauti sawa na kundi la maelfu. Kosa hilo ni la lugha, wala halihusiani na hisabati: neno "upungufu" lilichukuliwa bila ya mtendwa wake.

Mfano ulio mzito zaidi uko Garissa. Hirola, ambaye Wasomali wa huko humwita arawla, ni paa wa rangi ya mchanga mwenye mstari mweupe kati ya macho unaofanana na fremu ya miwani. Ni wa pekee katika jenasi yake, hivyo akitoweka haitatoweka spishi moja tu bali tawi zima la mamalia. Katika miaka ya 1970 walikisiwa kuwa zaidi ya 10,000 katika nchi iliyo kati ya Mto Tana na kusini mwa Somalia. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwaangamiza wengi mno. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa kati ya Mei na Julai 2021, iliandika hirola 497.

Tarakimu hiyo inastahili kutazamwa kwa jicho la mhakiki wa mtindo. Makisio ya wataalamu yaliyotangulia yalizoea kusema "kati ya 300 na 500", maneno ambayo yanakiri shaka yake hadharani. "497" haikiri kitu. Ina umbo la hesabu ya kichungaji, ya mtu aliyesimama mlangoni pa zizi na kuhesabu mmoja mmoja, hali imetokana na ndege iliyopita juu ya vichaka. Wataalamu wenyewe wanaelewa kwamba nyuma yake kuna kadirio la makosa. Msomaji wa gazeti haambiwi. Hivyo usahihi wa tarakimu umekuwa tamathali ya usemi, na yamkini ni tamathali yenye nguvu kuliko zote zinazotumika katika nathari ya serikali.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba idadi ya hirola, hata ikiwa sahihi, haielezi kwa nini wanyama hawa hawakurejea baada ya sotoka kuondoka. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, na hirola walikuwa bado wachache. Jibu lilipatikana kwa kutazama miti. Utafiti wa Abdullahi Ali, mwanasayansi mwenyeji wa Garissa, pamoja na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba katika makazi ya zamani ya hirola eneo lililofunikwa na miti liliongezeka kwa asilimia 251 tangu 1985 hadi 2012. Tembo wavunjao miti walikuwa wamepungua, malisho yalikuwa yamelemewa na mifugo, na mbuga ya nyasi ikageuka kuwa msitu wa vichaka. Hirola hula nyasi na huikwepa miti. Kwa macho ya setilaiti, basi, nchi yake ilizidi kunawiri kadiri yeye alivyozidi kupungua.

Hapa ndipo kiashiria cha ukijani kinapojikwaa, na hakijikwai kwa sababu ya ubovu wa chombo. Setilaiti huona mwanga unaorudishwa na majani yaliyo hai. Haiulizi ni majani ya nini. Kisomali huuliza. Lugha hiyo ina jina caws kwa nyasi, baad kwa malisho kwa jumla, na doog kwa nyasi mbichi zinazochipua baada ya mvua. Haimlazimu mchungaji kuyachanganya haya na ukijani wa mti usiolika. Mtu anayesema doog amekwisha kusema kwamba mnyama atakula. Mtu anayesema kwamba kipimo cha uoto ni 52 hajasema hivyo, ingawa taarifa humfanya aonekane kuwa amesema.

Mathenge ni ushahidi wa pili. Mti huu wenye asili ya Marekani ya kusini na ya kati uliletwa Kenya kwa makusudi mema, ukapandwa Bura katika bonde la Tana mwaka 1982, kisha ukaenea wenyewe kandokando ya mto na kuingia katika malisho ya Garissa. Hubaki na majani hata wakati wa kiangazi, hunywa maji ya chini, na huziba njia za mifugo kwa miiba. Huko Baringo, ambako wananchi waliishtaki serikali mwaka 2006 kwa ajili ya mti huu, mbuzi kibogoyo alipelekwa mahakamani ili majaji waone meno yalivyomalizwa na maganda yake matamu. Katika sehemu za kaskazini za nchi ya Wasomali mti huo umepewa jina la garanwaa, yaani kitu kisichotambulikana. Ni vigumu kupata kiashiria cha bayoanuwai kilichotungwa kwa ufupi kuliko hicho. Jina limeweka rekodi ya kwamba mgeni amefika, kwamba hakuwamo katika orodha ya miti iliyojulikana, na kwamba watu walimtazama wasimwelewe. Katika picha ya setilaiti yeye ni kijani tu.

Huenda ikadaiwa kwamba tofauti hizi ni za wanalugha na hazimgusi mfugaji. Sivyo. Tangu Agosti 2013 wafugaji wa Wajir wamepata kununua bima ya mifugo inayofuata sharia ya Kiislamu, ambayo haikaguliwi kwa kuhesabu mizoga. Hulipa pale kipimo cha ukijani kinaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Malipo ya kwanza ya Wajir yalitolewa Machi 2014. Serikali nayo ikaanzisha bima ya namna hiyo Oktoba 2015, ikianzia Wajir na Turkana. Ubunifu huu una faida isiyokanika: hauhitaji karani wa kwenda kuhesabu ngamia waliokufa katika nchi isiyo na barabara. Lakini ni dhahiri kwamba penye kijani kisicho malisho, mfugaji aweza kufiwa na wanyama wake ilhali kipimo kinashuhudia neema. Wenye bima wanalijua tatizo hili na wana jina lake la kitaalamu. Ambalo halijafanyika ni kulitambua kama tatizo la tafsiri: neno moja, kijani, limebebeshwa kazi ya maneno matatu au manne.

Wafugaji wa Kisomali wana desturi ya sahan. Kabla ya kuhama, watu wachache hutumwa mbele kuchungua nchi, kisha hurudi na kuwaeleza wazee waliyoyaona: mvua imenyesha wapi na kwa kadiri gani, nyasi zilizoota ni za aina gani, maji yatatosha siku ngapi, kuna maradhi au hakuna, na nani amekwisha kutangulia. Nayo pia ni kazi ya viashiria. Tofauti iko katika namna ya kutoa habari. Aliyekwenda sahan husimama mbele ya wasikilizaji wake na kuulizwa. Akitia chumvi atabanwa, na akikosea ataaibika, kwa kuwa watu watahamia huko alikosema. Jedwali haliulizwi. Limeandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wale linaowahusu hawaisomi, na linaposomwa redioni kwa Kisomali huwa limekwisha kufupishwa hata limebaki neno moja la hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au nafuu. Dosari ya sahan ni kwamba huona njia moja tu na majira haya tu. Haiwezi kulinganisha mwaka huu na 1977. Kila njia, kwa hiyo, inakosa kile ambacho nyingine inacho, na ajabu ni kwamba hakuna ukurasa mmoja katika taarifa za kila mwezi ambapo njia hizi mbili zimewekwa sambamba.

Mwaka 1996 swali la nani mwenye kusoma ishara lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, likiwa limetishwa na kupungua kwa hirola, lilikusudia kuwahamishia baadhi yao katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako wengine walikuwa wamepelekwa mwaka 1963. Wakazi wa Garissa, wakiongozwa na Abdikadir Sheikh Hassan, walishtaki. Ingawa wanyama wapatao thelathini walihamishwa mwaka huo, mahakama iliwapa wakazi amri waliyoiomba, na hoja mojawapo iliyotiwa maanani ilikuwa ya lugha hasa: sheria ililipa shirika kazi ya kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili, nayo haikusema kuhamisha. Jaji alilisoma tendo hilo moja kwa ukali ambao walimu wa isimu wangeufurahia. Mbele ya jedwali, hirola mia waliohamishiwa Tsavo ni sawa na hirola mia waliobaki, jumla haibadiliki. Kwa walalamikaji haikuwa sawa, maana kiumbe huyo alikuwa sehemu ya nchi yao na ya haki yao juu ya nchi hiyo. Historia iliyofuata haiwapingi. Mwaka 2012 hirola 48 walitiwa katika hifadhi yenye uzio huko Ishaqbini, Garissa, kwa ridhaa ya wenyeji, nao wakazaliana hata idadi ikazidi maradufu katika miaka michache.

Ishara ya mwisho ya kutajwa haikuwa tarakimu. Desemba 2021 dunia ilionyeshwa picha iliyopigwa kutoka angani karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya Sabuli, Wajir: twiga sita wamelala chini, shingo na miguu imekunjamana, mviringo kama wa watu waliolala pamoja. Walikuwa wamenasa topeni walipokuwa wakitafuta maji katika bwawa lililokaribia kukauka, kisha mizoga yao ikaburutwa mbali ili isiharibu maji yaliyobaki ya wanakijiji. Waliosoma picha hiyo Ulaya waliona kifo cha twiga. Habari ya pili, ya kwamba mtu na twiga walikuwa wakigombea tope lile lile, na kwamba kuondolewa kwa mizoga ndiko kulikoipa picha umbo lake, ilibaki katika maelezo ya chini ambayo magazeti mengine yaliyakata. Kwa hiyo si tarakimu peke yake inayopoteza muktadha wake. Picha nayo yaweza.

Mgongano ulio hai zaidi leo unahusu miti. Desemba 2022 Serikali ya Kenya ilizindua azma ya kupanda miti bilioni 15 ili kufikia mwaka 2032 asilimia 30 ya nchi iwe imefunikwa na miti. Tathmini iliyotolewa mwaka huo ilikuwa imekadiria asilimia 12.13. Kiashiria hiki kina sifa zote za kupendwa: ni kimoja, kinapanda, na chaeleweka hata na mtoto wa shule. Lakini katika nchi ya hirola mti umekuwa ndio unaoipunguza anuwai. Wakati vyombo vya taifa vinahimiza asilimia ipande, Mpango wa Uhifadhi wa Hirola wenye makao yake Garissa unawalipa wenyeji kung'oa miti iliyovamia mbuga na kupanda nyasi mahali pake. Ekari iliyofanyiwa kazi hiyo, ikitazamwa kwa kiashiria cha miti, imeandikwa katika safu ya hasara. Mchungaji apitaye hapo na mifugo yake baada ya mvua za Gu' angeiita doog.